Njaa ya Mpira

"Huu mpira umechezewa."

"Mpira umekaa kabatini tangu—"

"Umechezewa, Seth, usinifanye mtoto, tazama kamba—"

"—tangu Jumatatu, nilipoupaka mafuta kwa mikono yangu hii, na kamba nikaifunga mwenyewe, sasa wewe ukija hapa na—"

"Uliifunga wewe? Fundo likawa wapi?"

"Fundo nalifichaga chini."

"Na hili liko wapi?"

Seth Bickerdike akainama kutazama. Fundo lilikuwa juu, limekaa wazi kama pua.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa pili mwaka 1924, ndani ya chumba cha viatu cha Harthwaite Rovers. Amos Threlkeld, meneja, aliushika ule mpira kama askari aliyekamata kidhibiti. Akachokonoa mshono kwa ukucha, akatoa kidonge cha tope bichi, akamsogezea Seth puani.

"Hii nini?"

"Tope."

"Limetoka wapi?"

"Hapa ni Harthwaite, Amos. Tope linaingia mpaka kanisani."

"Kabatini haliingii. Kabati lina kufuli, na kufuli lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Mwingine unaning'inia shingoni kwako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nauliza tu."

"Huulizi. Unanihukumu halafu unanitafutia kosa." Seth akachukua chupa yake ya dawa ya kuchulia misuli, akatoka. Alikuwa mwalimu wa mazoezi wa timu, mtu mfupi, upara kama yai, na mlango aliufunga polepole sana. Amos hakuupenda ule upole. Mtu asiye na hatia hubamiza mlango.

Sasa, ili hasira ya Amos ieleweke: pale Harthwaite mechi ikiisha Jumamosi, mpira unafungiwa, na hakuna mchezaji wa kuugusa mpaka Jumamosi nyingine. Wiki nzima watu wanakimbia kuuzunguka uwanja, wanaruka kamba, wanapandishwa kilima na makoti yao mazito, wanalowekwa kwenye maji ya moto, wanachuliwa. Mpira hawauoni. Mtu akinyimwa mpira siku sita, ya saba ataurukia kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Mzee Obadiah Crabtree, mwenye kiwanda cha pamba na mwenyekiti wa klabu, aliiita njaa ya mpira. Alikuwa anaitaja kwa sauti ileile anayosomea Zaburi, na katika mkataba wa Amos aliiweka kifungu cha nne: meneja akiruhusu mpira uguswe katikati ya wiki, kazi hana.

Amos hakuhitaji kulazimishwa. Yeye mwenyewe alikuzwa na njaa hiyohiyo. Walimtoa machimboni ana miaka kumi na saba, akacheza kiungo wa kushoto misimu kumi na minne, ukitoa ile ya vita. Aliichezea Uingereza mara moja, kule Belfast, akarudi na jino pungufu na kofia ya heshima ambayo Hetty, mkewe, anaifunika kwa kitambaa isishike masizi. Alipofika miaka thelathini na tano bodi ikampa kiti cha umeneja. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na kiti kilikuwa kimeanza kuwaka moto. Mechi sita, goli moja, nalo walijifunga wapinzani. Rovers walikuwa mkiani mwa Daraja la Tatu, na Jumatatu ile bodi ilimwandikia barua ya mistari mitatu: wakifungwa na Mossdale Jumamosi, aondoke kitini, na nyumba ya Mtaa wa Garnet airudishe, maana ni ya klabu.

Ndiyo maana tope lile lilimkaa rohoni. Mtu aliyekuwa anauchezea mpira alikuwa anawashibisha wachezaji kabla ya Jumamosi. Na nani ananufaika wachezaji wakishiba? Ni yule anayekitaka kiti.

Machale yakamcheza. Akakumbuka kwamba Seth alionekana mara mbili wiki ile akitoka ofisini kwa Crabtree. Akamfuata kwenye chumba cha maji ya moto.

"Kwa mwenyekiti ulifuata nini?"

"Makaa," Seth akajibu bila kugeuka. "Ya kuchemshia haya maji."

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza alininyima."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, kama limekaririwa. Amos akaondoka na shaka mbili badala ya moja.

Jioni, wote walipokwisha kwenda, akabaki peke yake mbele ya kabati. Akang'oa unywele mmoja kwenye sharubu zake, nyekundu kama kutu, akaulamba, akaubandika kwenye upenyo wa mlango, nusu huku nusu kule. Mlango ukifunguliwa unywele utadondoka. Akatabasamu kidogo. Alikuwa anajiona mjanja, na mtu akijiona mjanja ndipo hasa pa kumwonea huruma.

Alhamisi asubuhi aliwahi kabla ya wote. Unywele ulikuwepo. Umebandikwa vizuri, nusu huku nusu kule. Amos akashusha pumzi, akasogea karibu, akavaa miwani.

Unywele ulikuwa mweusi.

Akakaa juu ya kikapu cha soksi chafu kufikiri. Seth nywele hana, hata ukimkamua. Golikipa Nuttall, zake ni kama majani makavu. Kati ya watu wote wa klabu ile, mwenye nywele nyeusi, tena za kung'aa kwa mafuta mpaka wasichana wa kiwandani wanazijadili, ni mmoja tu: Clem Ogden, nahodha.

Akamwita Clem ofisini. Clem akaja anatafuna kitu, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, uso usioisha kicheko.

"Umenuna, bosi. Nani kafa?"

"Kabati la mpira unalikaribia kwa shughuli gani?"

"Kabati lipi?"

"Klabu hii ina makabati mangapi, Clem?"

"Sijawahi kuhesabu, bosi. Huwa tunakimbia tu. Jana nimezunguka uwanja mara arobaini. Ukiniuliza uzio una mbao ngapi, hizo nakutajia."

"Unanicheka?"

"Mimi? Tumefunga goli moja mechi sita, bosi. Nacheka nini?"

Lakini alikuwa anacheka, kwa macho. Amos akamwangalia anavyotoka na mwendo wake wa maringo, na swali likamjia kama mtu anayegonga dirisha. Clem ufunguo hana. Wa Seth haujawahi kuvuka shingo ya Seth, hata akioga anao. Basi ni ufunguo upi uliofungua?

Akapapasa mnyororo wa saa yake. Ufunguo wake ulikuwa hapo, wa baridi, umetulia. Mchana kutwa uko mwilini mwake. Usiku uko kwenye suruali, na suruali iko kwenye nguzo ya kitanda. Na anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto jikoni, akiipita ile nguzo, mume akiwa anakoroma, ni nani?

Kikulacho ki nguoni mwako. Amos alilisikia neno hilo likimgonga mbavuni, tena nguoni kwelikweli, maana ilikuwa suruali.

Siku ile chakula cha jioni kilikuwa utumbo na vitunguu. Aliukata vipande vidogo, asile, akimtazama mkewe mikono. Mikono ya Hetty ilikuwa kama siku zote, mikavu, hodari, na alama moja ya pasi.

"Clem Ogden," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Unamwonaje?"

"Namwona Jumamosi. Kama mji mzima."

"Jumamosi tu?"

Hetty akaweka uma chini. "Amos, umeanza nini?"

"Sijaanza kitu. Nauliza nywele zake unazionaje."

"Naona zinahitaji kuoshwa. Kula utumbo wako. Na hizo sharubu, mbona upande mmoja zimepungua?"

Akala. Hakusikia ladha. Barua ya bodi ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani, na sasa aliona wazi jinsi kila kitu kinavyopangika: Seth achukue kiti, Clem achukue mke, Crabtree achukue nyumba. Yeye atabakiwa na kofia ya Belfast. Ukimpa mtu wa namna ile nusu saa na sahani ya utumbo, anakujengea mji mzima wa maadui na barabara zake.

Ijumaa alfajiri alijifanya amelala. Alikoroma kwa bidii, akiweka na vituo. Akasikia mbao za sakafu, kisha mlio mdogo wa mnyororo, kisha ngazi. Mlango wa nyuma ulipofungwa, akavaa suruali juu ya nguo ya kulalia, kofia, viatu bila soksi, akatoka.

Ukungu ulikuwa mzito, umechanganyika na moshi wa makaa. Mbele yake alisikia viatu vya Hetty, vile vya mbao, vikigonga mawe. Alikuwa amebeba kikapu. Kikapu kilimuumiza Amos kuliko ufunguo. Mke aliyemwibia mume ufunguo anaweza kuwa na sababu yake, lakini aliyebeba na kifungua kinywa amekusudia kukaa.

Hetty akaingia uwanjani kwa geti la nyuma, akatoka baada ya dakika tatu, kitu cha duara kimeivimbisha shali yake. Akakata kushoto, nyuma ya kiwanda cha gesi, palipo na kiwanja cha majivu kisichotumiwa na mtu. Amos akaambaa na ukuta. Moyo ulimdunda kuliko siku ya Belfast. Akasikia sauti ya kiume ikisema polepole, "Umechelewa, mama," na Hetty akijibu, "Alikuwa anakoroma kwa namna nisiyoielewa."

Ndipo aliposikia mlio mwingine. Ngozi na buti. Tena. Tena. Mtu akasema, "Mguso mmoja, Percy, usiutembeze, utoe," na mwingine akasema, "Sasa kona," na ile sauti iliyosema "Umechelewa" ilikuwa ya Seth Bickerdike.

Amos akasogea. Ukungu ukafunguka kidogo chini ya taa za kiwanda. Wote walikuwepo, kumi na mmoja, na fulana zao za kukimbilia. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Clem alikuwa anapasia fupi fupi na Percy Lumb, kiungo wa kushoto, moja, mbili, moja, mbili. Nuttall alikuwa golini katikati ya mapipa mawili, amejaa majivu kama mwoka mikate aliyeanguka kwenye unga wake. Seth alikuwa anaelekeza kwa mikono, filimbi ameifunga kwa kitambaa. Na Hetty alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha mikate iliyopakwa mafuta ya nyama, anaangalia barabarani, analinda.

Percy akautoa vibaya. Mpira ukadundadunda juu ya majivu, ukaja moja kwa moja kwenye viatu vya Amos visivyo na soksi. Akautuliza. Hakuamua, mguu uliamua. Ulikaa chini ya unyayo wake kama paka.

Watu wakaganda.

"Bosi," Clem akasema. "Umevaa nguo ya kulalia."

"Nyamaza, Clem," Hetty akasema. Akaja mpaka mbele ya mumewe, kikapu mkononi. "Nilichukua ufunguo mimi. Hawa walikuja jikoni kwangu Jumapili, umekwenda kanisani. Waliniomba. Ulitaka niseme nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie, halafu?" Hakupandisha sauti. "Ungekataa. Au ungekubali, na ukikubali umevunja kifungu cha nne na kazi huna. Usipojua, hujavunja kitu. Mimi nyumba ile naipenda, Amos. Kwa mama yangu sirudi."

Amos akamgeukia Seth. "Na wewe una ufunguo wako. Kwa nini muibe wangu?"

"Kwa sababu niliapa kwa Crabtree kwamba wangu hautafungua. Nimeapa kwa Biblia, yake ilikuwa karibu." Seth akakuna upara. "Kiti chako sikitaki. Wewe ndiwe unayedhani kitamu."

"Na ule unywele?"

"Mama aliuona wako ukidondoka, bosi," Clem akasema. "Tukautafuta chini kwa kiberiti, hatukuuona. Nikaona nisikuache bila kitu."

Mtu mmoja kule nyuma akacheka kwa pua, wengine wakafuata. Amos hakucheka. Aliutazama mpira. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameamini kwamba mchezaji hufanya vizuri akiwa na njaa, na sasa alikuwa amewaona wale watu, wanaoanguka kila Jumamosi kama viti vibovu, wakipasiana kama wanaongea. Alijaribu kuishuku hiyo nayo. Akaitafutia hila, asiipate.

Akaupiga kwa mguu wa kushoto, kiatu bila soksi. Ulipaa chini chini, ukakata ukungu, ukafika kifuani kwa Clem hatua arobaini kutoka pale.

"Kona yenu ni mbaya," akasema. "Mnaipiga golini, Nuttall yeyote ataidaka. Rudisheni nyuma, kwa anayekuja." Akachukua kipande cha mkate kikapuni, akaondoka nacho.

Jumamosi waliwafunga Mossdale manne bila, mawili kwa kona za kurudisha nyuma. Hasara ilikuwa moja: Percy Lumb alivunjika mtulinga, mfupa wa bega, dakika za mwisho, msimu kwake ukaisha. Watu walimbeba Clem mabegani. Mtu mmoja alimbusu Seth kwenye upara.

Jumatatu bodi ilikutana juu ya kiwanda cha pamba, mashine zikitetemesha vikombe vya chai. Walikuwa wanne na mwenyekiti. Seth alisimama karibu na mlango, ameitwa kutoa habari za majeruhi. Crabtree, mzee wa ndevu nyeupe na mnyororo wa dhahabu tumboni, alikuwa na furaha iliyomkaa vibaya, kama koti la kuazima.

"Nilisema," akaanza. "Je, sikusema? Njaa. Wale vijana waliurukia mpira kama hawajawahi kuuona. Threlkeld, tunakupa miaka mitatu. Na nyumba. Barua ile uitie kwenye moto."

"Asante, mheshimiwa."

"Zaidi ya hapo, nataka klabu nyingine zijifunze. Tutachapisha karatasi." Akamsogezea karatasi na kalamu. "Tamko lako tu. Kwamba tangu Jumatatu mpaka Ijumaa mpira haukuguswa na mtu. Na kabati tutalitia mlango wa chuma, na ufunguo utakuwa mmoja, ninao mimi."

Amos akaichukua kalamu. Aliisoma karatasi mara mbili. Akisaini, nyumba anayo, kiti anacho, na Jumamosi ijayo timu haina mpira wala namna ya kuuiba. Watarudi kuanguka kama viti, na mwezi wa tano watakaa mezani palepale kumtafuta mchawi mwingine. Akatazama mlangoni. Seth alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, saini, bwana, saini.

Siku nne zilizopita angejiuliza kwa nini Seth anataka asaini.

Akaiweka kalamu chini. "Siwezi. Mpira uliguswa."

"Uliguswa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe meneja. Nauliza wachezaji."

"Nimesema mimi, mheshimiwa. Niliutia mguu Ijumaa saa kumi na mbili kasoro, wachezaji wote wakiwepo, na nikawafundisha kona. Magoli mawili mliyoyapigia makofi yalitoka hapo. Ruhusa ilikuwa yangu."

Mashine chini zilikuwa zinaunguruma. Mjumbe mmoja akajifanya anatafuta sukari.

"Nani mwingine?" Macho ya Crabtree yalikuwa yamekuwa madogo. Yakaenda kwa Seth, yakarudi. "Kuna mtu alikufungulia. Kuna mtu alinyamaza. Nitamjua."

"Ufunguo uliofungua ni wangu. Uulize mnyororo huu."

Crabtree akaegemea nyuma. Alimwangalia kama anayepima kitambaa chenye dosari. "Kifungu cha nne unakijua," akasema. Furaha ilikwisha kumtoka, na uso ukarudi kwenye umbo lake. "Kuanzia leo wewe si meneja wa klabu hii. Nyumba uihame mwisho wa mwezi. Bickerdike, majeruhi."

Seth akakohoa. "Ni Lumb, mheshimiwa. Mtulinga. Hachezi tena mpaka msimu ujao. Kiungo wa kushoto hatuna mwingine."

"Tafuteni."

"Wapi, mheshimiwa? Jumamosi hii?"

Amos alikuwa bado hajaondoka. Wajumbe wanne walikuwa wanayatazama majani ya chai, wakingoja aombe kile ambacho mtu wa hali yake huomba: barua ya kumsifu, au wiki mbili zaidi za nyumba, au samahani. Crabtree alikuwa ameshaandaa uso wa kukatalia.

Amos akavua tai. Akaikunja, akaiweka juu ya ile karatasi isiyosainiwa.

"Mliniambia meneja hachezi, kwamba ni aibu bosi kupigwa mateke mbele ya wafanyakazi," akasema. "Na mimi si meneja tena. Nina miaka thelathini na tisa, na mguu wa kushoto uko salama, nimeujaribu. Naomba mnisajili nafasi ya Lumb."